Zile Nondo Nimeziona

"Mjomba, tazama wanavyoruka chinichini leo."

"Akina nani?"

"Vipepeo."

"Basi vinavyoruka," Melkior alisema bila kugeuza shingo. "Wanaoruka ni wasichana, wakiruka kamba. Kipepeo ni kitu, kinaruka. Hiki Kiswahili chenu cha chuo, mama, ipo siku kitatuua."

Yustina alicheka. Alikuwa na shahada ya mambo ya wanyamapori, lakini mjomba wake alimwita mama, kwa kuwa ndiye aliyerithi jina la bibi, mama mzazi wa Melkior. Utotoni jina hilo lilimpa haki nyingi: kipande cha kwanza cha sega la asali, na ruhusa ya kumkemea mjomba mbele za watu akichelewa kurudi kutoka kilabuni. Sasa alikuwa mwanamke mzima anayesubiri ajira, na heshima ya kuitwa mama ilikuwa kitu pekee alichobaki nacho ambacho hakuna aliyemwambia akakiombe upya mtandaoni.

Walikuwa wameyaacha mashamba ya tumbaku nyuma na kuingia kwenye msitu wa miombo unaoshuka upande wa Ugalla. Mvua za kwanza zilikuwa zimenyesha. Kwenye njia ya ng'ombe maji yalituama katika nyayo, na juu ya kila dimbwi vipepeo wa njano walitua wamebanana, mabawa yamesimama, kama vile mtu amepita akichomeka vipande vya karatasi kwenye tope. Yustina alichutama, akapiga picha, akainuka magoti yakiwa na matope. Alikuwa na furaha ya mtu anayesalimiwa kwa jina na kila anayekutana naye.

"Yule wa rangi ya chungwa, mjomba, mwenye ncha nyeusi na madoa meupe. Huyo ni mchungu. Ndege akimla anatapika, na hamrudii tena maishani."

"Na yule pale? Si ndiye huyo huyo?"

Yustina alisogea, akanyata, akamtazama kipepeo aliyetua juu ya ua la magugu. Hakuwa yeye. Doa jeusi kwenye bawa la nyuma lilikuwa moja, si matatu. "Huyu ni mwingine kabisa. Hana uchungu wowote. Amefanana tu na yule mchungu, basi ndege wanamwogopa bure."

Melkior alisimama. Alikuwa mtu mrefu, mkavu, mwenye vidole vilivyoviringika kwa miaka ya kusokota kamba za magome. "Kwa hiyo yeye kufanana kunamwokoa," alisema. "Ana bahati."

Yustina alijua mjomba hakuwa akizungumzia vipepeo.

Safari hii ilikuwa ya vipepeo kwa jina tu. Alitaka kumtoa mjomba wake kijijini japo kwa asubuhi moja. Melkior alikuwa mtunza stoo wa kamati ya ujenzi wa zahanati, na katikati ya kiangazi nondo za milimita kumi na mbili, za kufungia lenta juu ya madirisha, ziliyeyuka kutoka kwenye stoo hiyo. Kufuli halikuvunjwa. Bati halikung'olewa. Ufunguo ulikuwa shingoni mwa Melkior, kwenye uzi mmoja na rozari yake, kama ulivyokuwa siku zote. Polisi walikuja, wakauliza, wakaandika, wakaondoka. Kijiji hakikuondoka. Wanawake wajawazito waliendelea kupakiwa kwenye bodaboda kwenda Mpanda mjini, na kila bodaboda iliyopita na mama anayeugulia ilipita mbele ya nyumba ya Melkior.

Hakuna aliyemshitaki. Laiti wangemshitaki, angejibu. Walimtania. Asubuhi hiyo hiyo, walipopita kijiweni, Mabula, kijana wa bodaboda mwenye ulimi kama wembe, alikuwa ameita kutoka juu ya pikipiki yake: "Mzee wa funguo! Mbona unaenda porini mikono mitupu? Au mzigo ulitangulia?" Wenzake wakacheka. Melkior akawapungia mkono, akacheka nao, na Yustina akaona mkono ule ukishuka taratibu na kwenda kushika uzi wa shingoni.

Nyumbani jambo hilo halikutajwa. Rozalia, mke wa mjomba, alikuwa amepiga marufuku neno lenyewe. Wakilazimika, walisema "lile jambo". Miezi miwili ilipita neno nondo halijasikika chini ya bati la nyumba ile, na labda ndiyo maana kichwani mwa Yustina lilibaki na maana moja tu, ile aliyoisoma.

Kwa maana chuoni, nondo si chuma. Nondo ni ndugu wa kipepeo, yule mnene, mwenye manyoya, anayependa giza na kuizunguka taa. Kijijini wote hao waliitwa vipepeo, wa mchana na wa usiku. Jambo hilo lilimsikitisha Yustina kuliko lilivyostahili. Aliamini, kwa imani ile ya vijana ambayo hatupaswi kuicheka upesi, kwamba mtu hawezi kukichoma moto kitu anachokijua kwa jina lake. Watoto wakijua majina, msitu utapona. Basi kwenye kundi la wasapu la kijiji, kati ya matangazo ya misiba na ya ng'ombe waliopotea, alikuwa akituma picha na maelezo. Wiki iliyopita aliandika maelezo marefu: kipepeo hukunja mabawa, nondo hutandaza, kipepeo ana papasi, zile pembe nyembamba za kichwani, zenye kirungu, nondo ana papasi kama unyoya. Alimaliza kwa ahadi: "Nitawatafutia nondo wakubwa wa misitu yetu na kuwaletea hapa."

Hakuna aliyesoma hadi mwisho. Mmoja alijibu kwa katuni ya mtu anayesinzia. Mwingine akaandika: dada, hapa si bungeni, ongea kama sisi.

Hilo la mwisho lilimchoma. Ongea kama sisi. Alikuwa mtoto wa hapa, amekula ugali wa hapa, na bado kila akifungua mdomo walimsikia kama mtangazaji wa redio.

Jua lilikuwa limepanda walipofika kwenye mizinga. Melkior alikuwa ametundika mizinga ya magogo kwenye miti kuzunguka kiwanja kidogo. Mingine juu sana, mingine kwenye matawi ambayo mtu aliweza kuyafikia kwa ngazi fupi. Hapa ndipo alipokuwa mtu mwingine. Mgongo ulinyooka. Alianza hata kupiga mluzi.

"Kaa hapa, mama. Nakwenda kuona ule mzinga wa bondeni kama umeingiwa na nyuki. Ukisikia nakimbia, na wewe kimbia, usiulize."

"Nikuulize nini wakati nyuki watakuwa wamenijibu?"

Alienda akicheka. Kicheko cha kweli, cha tumboni. Yustina alikisikia mpaka kilipopotelea kwenye miti, akawaza: nimefaulu, leo nimempa siku moja.

Ndipo alipowaona. Kwenye shina la mti wa mtundu, na chini yake, wamejificha katikati ya majani makavu, nondo walikuwa wametulia kwa makumi. Walikuwa wametoka kwenye ardhi na mvua, kama wanavyotoka kila mwaka, na sasa walisubiri giza. Wakubwa, mabawa yametandazwa, rangi ya kutu, na kwenye kila bawa la nyuma jicho la rangi ya chungwa lililofichika mpaka umguse. Mtu aliyepita haraka angeona gome tu. Yustina alipiga magoti. Machozi yalimjia, na hakuona aibu, kwa kuwa hakukuwa na mtu. Alipiga picha nyingi, moja baada ya nyingine, akizuia pumzi.

Kando ya kiwanja kulikuwa na kichuguu kirefu, na juu ya kichuguu ndiko kulikokuwa na mtandao. Warina asali wote wa upande ule walipanda pale kupiga simu. Alipanda. Alizichagua picha tatu, akazituma kwenye kundi. Kiduara kikaanza kuzunguka, kikazunguka, kikaganda. Basi akabonyeza kipaza sauti. Na kwa sababu alikuwa na furaha, na kwa sababu aliwapenda, na kwa sababu alitaka kwa mara moja tu wamsikie kama mtoto wao, aliiweka kando sarufi ya chuo kama mtu anavyovua viatu mlangoni mwa nyumba ya watu.

"Jamani, habari zenu. Zile nondo nimeziona! Ziko huku porini kwa mjomba Melkior, pale kwenye mizinga. Nyingi mno, zimefichika chini ya majani makavu, rangi ya kutu kabisa, ukipita haraka huwezi kuziona. Kubwa, zile za kumi na mbili. Anayetaka kuhakikisha aje aone kwa macho yake."

Alimaanisha sentimita kumi na mbili, bawa mpaka bawa.

Sauti ilipenya. Tiki moja, mbili, halafu zikawa za bluu. Picha zilibaki zinazunguka.

Aliposhuka, Melkior alikuwa anarudi, amebeba jani la mgomba mwitu lenye kipande cha sega. "Umeingiwa," alisema. "Nyuki wapya. Kipande cha kwanza cha mama."

"Na mimi nina zawadi. Njoo uone nondo."

Melkior alisimama palepale, mkono umenyooka na sega linadondosha asali kwenye vidole. "Uone nini?"

"Nondo. Hawa hapa. Nyie mnawaita vipepeo vya usiku."

Aliwatazama wale wadudu. Aliwatazama kwa muda mrefu kuliko mtu anavyotazama wadudu. "Hawa wanaitwa hivyo?"

"Ndiyo, mjomba. Nimeshawaambia watu kwenye kundi, waje waone."

"Umewaambia kwa jina hilo?"

"Ndi..." Neno halikufika mwisho. Aliisikia sauti yake mwenyewe upya, sentensi baada ya sentensi, ila safari hii aliisikia kwa masikio ya kijiwe cha bodaboda. Ziko. Zimefichika. Rangi ya kutu. Za kumi na mbili.

Alirudi kwenye kichuguu akikimbia, akiteleza, akishika nyasi. Mtandao ulikuwa na mstari mmoja, halafu hakuna. Alirekodi: jamani nisikilizeni, ni wadudu, ni wadudu. Sauti ikapanga foleni nyuma ya picha, na picha bado zilikuwa zinazunguka.

"Shuka," Melkior alisema kwa upole kutoka chini. "Shuka, mama. Utaanguka."

"Tuondoke, mjomba."

"Nikionekana nakimbia itakuwaje?" Aliliweka sega juu ya jiwe, akafuta vidole kwenye suruali, akakaa juu ya mzizi kama mtu anayesubiri wageni aliowaalika mwenyewe. Yustina alishuka, akaiacha simu juu ya kichuguu iendelee kujaribu.

Pikipiki zilisikika kabla hazijaonekana. Mabula alikuwa mbele, amepakia wawili, na nyuma yake wengine, na nyuma ya hao watu wa miguu waliokuwa mashamba ya jirani, majembe yakiwa bado mabegani. Walikuwa watu anaowajua. Hilo ndilo lililokuja kumsumbua baadaye: hakukuwa na mgeni hata mmoja. Kulikuwa na mwanamume ambaye mkewe alijifungulia njiani mwezi uliopita, na mtoto hakulia. Yeye ndiye aliyeshika panga, na ndiye pekee ambaye hakusema neno.

"Zitoe, mzee," Mabula alisema. "Tumalize kwa amani."

"Tafuteni," Melkior akajibu.

"Si chuma!" Yustina alijiweka katikati yao. "Nilisema nondo, mdudu, kama kipepeo. Wapo hapa kwenye mti. Nondo wapo, angalieni."

"Wapo?" Mabula aligeuka kwa wenzake, mikono kiunoni. "Mmesikia? Asubuhi zilikuwa zipo. Sasa hivi zimekuwa wapo. Dada, zimeota miguu?"

Watu walicheka. Kila neno sahihi alilokuwa nalo lilikuwa sasa ni ushahidi kwamba anabadilisha maneno.

"Anamlinda mjomba wake," mtu alisema.

"Damu nzito kuliko maji."

Walianza na majani makavu. Majembe yaliparua chini ya mtundu, na nondo wakaamshwa mchana kweupe, wakapepesuka, wakafungua yale macho ya chungwa ambayo yangemwogopesha ndege lakini hayakumwogopesha mtu yeyote. Waliinuka, wakaanguka, wakakanyagwa. Vumbi la mabawa yao lilibaki kwenye viatu. Hakuna aliyeinama kutazama anachokikanyaga. Walikuwa wanatafuta kitu kizito.

Majani yalipoisha, mmoja akaitazama mizinga. "Gogo refu hivi. Nondo ikikatwa inaingia."

"Hiyo ina nyuki," Melkior alisema. "Nawaomba. Hiyo ina watoto."

Mzinga wa kwanza ulianguka na kupasuka. Nyuki walitoka kama moshi. Watu walikimbia, wakapiga kelele, wakajifunika kwa mashati, na uchungu wa kuumwa ukageuka kuwa uchungu wa kumdai mtu. Mwanamume wa panga alirudi peke yake kutoka kwenye kundi lile la nyuki, uso umevimba, akampiga Melkior kwa ubapa wa panga, mara moja, shavuni. Hakupiga tena. Alisimama akimtazama, halafu akaketi chini karibu naye, akaanza kulia. Melkior, damu ikimtoka mdomoni, alimwekea mkono begani. Yustina alikuja kuikumbuka picha ile kuliko zote alizopiga siku ile.

Waliangusha mizinga mitatu zaidi. Ndani mlikuwa na asali, na masega meupe ya watoto wa nyuki.

Mmoja wao alikuwa amekimbilia juu ya kichuguu kuwakwepa nyuki. Simu yake ililia huko. Akaitoa, akatazama. Halafu akaita, kwa sauti ya chini: "Picha zimefika."

Simu ilipita mkono kwa mkono. Wadudu wa rangi ya kutu, chini ya majani makavu, nyingi mno, ukipita haraka huwezi kuziona. Kisha ile sauti nyingine, ya Yustina akihema: ni wadudu, ni wadudu.

Yustina aliyaamini mambo mengi, na mojawapo ni kwamba ukweli ukishajulikana watu hurudi kuwa watu. Alisubiri. Alisubiri neno pole, neno fupi kuliko yote tuliyonayo, ambalo hapa tunampa hata anayejikwaa njiani.

Mabula alirudisha simu. "Sawa. Hizi ni vipepeo," alisema. "Lakini zile za zahanati nazo ziko wapi?"

Na watu wakaitikia kwa vichwa, wakapumua, kama vile wamesaidiwa kushusha mzigo. Maana swali hilo lilikuwa halali. Walipanda pikipiki, wakachukua majembe yao. Mmoja aliokota kipande cha sega kutoka kwenye mzinga uliopasuka, akalamba kidole, akaondoka nacho.

Siku zilizofuata Yustina aliifuta ile sauti, lakini sauti haifutiki ikishapita kwa watu. Ilikwenda Katumba, ikaenda stesheni. Siku moja alipanda bajaji Mpanda mjini, na dereva, kijana asiyemjua kabisa, alikuwa akimchekesha mwenzake kwa simu: "Zile nondo nimeziona!" Ilikuwa sauti yake mwenyewe, yenye furaha. Aliomba kushuka.

Kwenye kundi aliandika kuomba radhi, maelezo marefu tena. Wachache waliweka alama ya kicheko. Serikali ya kijiji ilimpumzisha Melkior kwenye kamati, "kwa ajili ya amani", na ufunguo ukapewa mtu mwingine. Nondo zenyewe mpaka leo hazijulikani zilikokwenda. Lakini mtu akiuliza nani alizichukua, huambiwa: si zile alizoziona yule binti wa chuo? Picha wamezisahau. Sauti wanaikumbuka.

Rozalia hakumlaumu. Alimpakulia chakula kama kawaida, ila nyama aliigawa sawasawa, bila kumwongezea kipande cha mama kama zamani.

Asubuhi moja, mvua ikiwa imekatika, Yustina alitoka na kumkuta Melkior amekaa kizingitini, akisokota kamba ya mzinga mpya. Shavu lilikuwa limepona, limeacha mstari mweusi. Juu ya fremu ya mlango, karibu na taa ya sola, nondo mmoja alikuwa ametua, mabawa yametandazwa. Yustina alimwona, akageuza macho haraka, kama mtu aliyemwona mdai wake.

"Yustina," mjomba alisema.

Hakuwa amesema mama.

"Nondo wako yupo mlangoni. Angalia usimguse."

Alingoja kicheko kije nyuma ya maneno hayo. Hakikuja. Melkior alikuwa amesogeza miguu yake pembeni, yote miwili, kwa adabu, kama anavyompisha bwana afya au mtu wa benki.

"Kipo, mjomba," Yustina alisema. "Si unasemaga hivyo? Kipepeo ni kitu. Kipo."

"Hapana." Aliipitisha kamba kati ya vidole, akaikaza. "Yupo. Wakiwa wengi, wapo. Lazima tuseme sawasawa, watu wasije wakatuelewa vibaya."

Na akaendelea kusokota, akimsubiri apite.